Ni Nani Aliyepanda Mlima?

Mtu akirudi kutoka kilele cha Kilimanjaro, neno la kwanza awaambialo jamaa zake ni hili: "Nimepanda mlima." Ni neno fupi, wala hakuna amkatazaye kulisema. Walakini nataka tulipime pamoja, ndugu wasomaji, kama mwenye duka apimavyo mchele, tuone kama uzito wake umetimia au umepunguka. Mtu aliyeongozwa njia, akapikiwa chakula, akachukuliwa mizigo yake siku tano, naye akafika kileleni kwa miguu yake mwenyewe, je, ana haki ya kusema "nimepanda" na kuwanyamazia wengine?

Kwanza tuitazame safari yenyewe. Wapitao njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, ndani ya msitu. Usiku wa pili Horombo, meta 3,720 juu ya bahari. Na usiku wa tatu hulala chini ya Kibo, mahali pasipoota mti. Mwenye safari huchukua mkoba mdogo tu wenye maji na koti lake. Nguo zake, chakula chake na vyombo vya kupikia vyote huwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Asubuhi yeye huondoka kwanza. Wao hubaki kuosha vyombo na kufunga mizigo, kisha humpita njiani, ili afikapo jioni akute maji ya moto yakimngoja. Usiku wa kilele, karibu na saa sita, kiongozi humwamsha, nao hupanda gizani juu ya changarawe iteleteshayo miguu nyuma. Hewa ya huko ni haba; kileleni, kwenye meta 5,895, pumzi moja ina nusu tu ya nguvu iliyo nayo pwani. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na moyo humshawishi mtu akae alale. Kiongozi hurudia neno moja tu, "pole pole," huku akimtazama macho na mwendo, apate kujua kama huyu ni mchovu wa kutiwa moyo au ni mgonjwa wa kuteremshwa upesi. Katika saa hiyo uhai wa mtu umo katika busara ya mwenziwe.

Basi, habari za mlima huu zilianzaje kuandikwa? Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kuupanda mwaka 1887, barafu ikamzuia, akarudi. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima wenyewe, kwa kuwa alikamatwa katika vita vya Abushiri. Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, na tarehe 6 Oktoba wakasimama juu ya kilele. Ni nini kilichobadilika? Ujuzi wa Purtscheller katika barafu ulikuwa msaada mkubwa, hilo ni kweli. Lakini safari hii Meyer aliweka pia kambi moja juu ya nyingine, na watu wakawa wakipandisha chakula kutoka chini, hata wale wawili wakaweza kukaa juu siku nyingi na kujaribu tena na tena. Mtu mmoja wa Pangani, jina lake Muini Amani, alikaa nao katika kambi ya juu, penye baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea tangu kuzaliwa. Tusimdhulumu Meyer: yeye mwenyewe alimtaja katika kitabu chake. Walakini kilele kilipopewa jina, kiliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, ambaye hakulikanyaga hata jiwe moja la mlima ule. Jina hilo lilikaa huko miaka mingi, ndipo baadaye kilele kikaitwa Uhuru.

Tena, mwaka 1989, miaka mia moja ilipotimia, aliheshimiwa mzee wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule. Watu wameshindana juu ya habari yake, ni wapi alifika na ni mwaka upi. Mimi siwezi kuamua shauri hilo. Nasema tu kwamba mashindano hayo yenyewe ni matunda ya ukimya. Kama majina yote yangaliandikwa siku ile, wajukuu wasingalikuwa na haja ya kuyatafuta gizani.

Najua nitajibiwa hivi: "Mpagazi amelipwa ujira wake. Nikimlipa fundi akanijengea nyumba, sisemi kila siku kwamba nyumba ni ya fundi." Jawabu hili lina nguvu, wala si la kudharauliwa. Lakini tazameni vema: ujira hulipa deni la kazi, deni la ukweli halilipwi kwa fedha. Aliyelipa fundi aweza kusema, "Nyumba hii ni yangu," na amesema kweli. Akisema, "Nimeijenga kwa mikono yangu," amesema uwongo, hata kama amelipa mara mbili. Fedha ilimpa nyumba. Haikumpa mikono ya fundi.

Mwingine atasema, "Lakini miguu ilikuwa yangu, hakuna aliyeniinulia." Hilo nalo ni kweli, na heshima hiyo abaki nayo. Kumtaja mwenzako hakukupunguzii hatua hata moja. Twasoma habari za Musa siku ile Israeli walipopigana na Amaleki. Alisimama juu ya kilima, mikono yake ikawa mizito, na Haruni na Huri wakaitegemeza hata jua likachwa. Andiko halikuona haya kuyataja majina ya hao wawili, wala Musa hakuwa mdogo kwa hilo.

Wa tatu atauliza, "Tukianza kutaja, tutakoma wapi? Je, nimtaje na aliyeshona viatu vyangu?" Nadhani mpaka waonekana. Fundi wa viatu alikuwa nyumbani kwake, amelala. Wa kutajwa ni yule aliyeingia katika hatari ile ile pamoja nawe, na ambaye kama angalitua mzigo wake, wewe ungalirudi.

Siandiki haya kama hakimu. Mwaka mmoja, wakati wa likizo, nilipanda mlima huo pamoja na walimu wenzangu. Usiku wa kilele glavu zangu zilikuwa zimelowa. Mpagazi mmoja, aliyekuwa akibaki kambini, alivua zake akanipa, akaingiza mikono yake makwapani. Nilifika juu, nikashuka, nikapewa cheti chenye jina langu, nami nikakitundika ukutani. Shule ilipofunguliwa niliwasimulia wanafunzi wangu habari yote: giza, baridi, jua lilivyochomoza nyuma ya Mawenzi. Glavu pia nilizitaja, kwa kuwa zilipamba hadithi. Mtoto mmoja, ambaye baba yake alipata kufanya kazi hiyo ya kuchukua mizigo, alinyosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, yule aliyekupa glavu aliitwa nani?"

Sikujua. Nilikaa na mtu yule siku tano, nikala alichobeba, nikavaa alichovua, wala sikumwuliza jina. Mtoto hakucheka, na wenzake hawakucheka. Ingalikuwa afadhali wangalicheka. Likizo iliyofuata nilikwenda langoni kumwulizia. Wengine walidhani wamjua, wengine walisema ameacha kazi hiyo akaenda kulima. Nilirudi bila jina. Deni hilo ninalo hata leo, na cheti kile nimekitoa ukutani. Sikukitoa kwa kuwa kinasema uwongo. Nilikitoa kwa kuwa kinasema nusu.

Lakini nawaonya wasomaji wangu juu ya kosa la upande wa pili. Sifa isitumiwe kuwa badala ya ujira. Neno jema halipikiki chunguni. Sheria ya hifadhi husema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Anayempa mwenziwe zaidi ya hizo kisha akamsifu kwa nguvu zake anamdhihaki. Yatupasa kulipa kwa haki kwanza, kisha tuseme kweli. Mambo hayo ni mawili, wala moja halimlipii mwenzake.

Wengi wetu hatutapanda Kilimanjaro. Lakini kila mmoja ana kilele chake, na kila kilele kina wapagazi. Mwalimu hujisifu kwa wanafunzi waliofaulu, akamsahau mama aliyeuza ndizi ili kununua madaftari. Mwenye cheo hukumbuka mtihani alioushinda, akamsahau dada aliyeacha shule ili yeye asome. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi naongeza: hata kama hukuwa baharia kamwe, usiwasahau waliovuta kamba.

Basi aliyefika kileleni aseme, "Nimepanda," maana amepanda. Ila asitue hapo. Aongeze, "pamoja na," kisha ayataje majina. Na ili aweze kuyataja, na aulize mapema, siku ya kwanza, pale langoni, mizigo ikali chini.