Jasho na Haki ya Ardhi

Mkono uliofanya kazi una haki ya kula. Hakuna mwenye akili timamu atakayelibisha neno hilo. Lakini je, jasho la mtu mwema laweza kuhalalisha ardhi ambayo mtoaji wake hakuwa na haki ya kuitoa? Mahali pachache huliweka wazi swali hili kama jimbo la Nebraska, katika mbuga za katikati ya Marekani.

Mwaka 1862 serikali ya nchi hiyo ilitunga sheria ya kugawa mashamba. Mkuu wa nyumba, au mtu aliyetimiza miaka 21, hata mwanamke asiye na mume, aliweza kudai eka 160 kwa ada ndogo. Aliyekaa miaka mitano, akajenga na kulima, alipewa hati. Wengi walikuja mikono mitupu. Miti ilikuwa haba, wakajenga nyumba kwa matofali ya udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Baridi iliwatesa, na mwaka 1874 nzige walikula mazao yao. Kuanzia mwaka 1907 Wamarekani weusi, wengine wazao wa watu waliokimbia utumwa, walifanya makazi yao DeWitty, katika vilima vya mchanga vya jimbo hilo. Nani atathubutu kuwaita watu hawa wezi?

Hata hivyo mbuga haikuwa tupu. Waponca walilima mahindi kando ya mto Niobrara. Mkataba wa mwaka 1858 uliwaachia sehemu ndogo tu ya nchi yao. Mwaka 1868 serikali iliiandika sehemu hiyo katika mkataba wa Wasioux bila kuwauliza wenyewe. Na mwaka 1877 iliwahamisha kwa nguvu hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Wengi walikufa. Mkuu wao mmoja, Standing Bear, alifiwa na mwanawe huko, naye alikuwa amemwahidi kumzika kwao. Akaibeba mifupa yake katika baridi kali, akakamatwa njiani. Mwezi Mei 1879, mjini Omaha, Jaji Elmer Dundy aliamua kwamba mwenyeji huyo ni mtu mbele ya sheria.

Pima, msomaji. Mgeni hakutakiwa kuthibitisha kuwa yeye ni mtu ili apewe eka 160. Mwenyeji alihitaji hukumu ya mahakama ili aende kumzika mwanawe. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Wako wasemao kwamba ardhi ni ya aitumiaye vizuri. Kama hiyo ndiyo sheria, basi hakuna shamba lililo salama, maana daima atatokea mwenye jembe kubwa zaidi. Wako wengine wasemao kwamba mkulima alikosa kwa kupokea. Nao wamekaza mno: maskini aliyepewa hati na serikali hakuwa na uwezo wa kuchungulia kila chozi lililo nyuma ya muhuri. Nionavyo mimi, jasho humpa mtu haki juu ya mavuno, na heshima juu ya kazi yake. Lakini haliwezi kufuta deni la mtoaji. Mtu hatoi asichokuwa nacho. Haki mbili zaweza kukaa juu ya udongo mmoja, na dhuluma huanza pale moja inapokana kuwa nyingine ipo.

Mwaka 2018 mkulima mmoja wa Nebraska na mkewe walitia sahihi hati ya kuwarudishia Waponca sehemu ya shamba lao, katika njia ile ile waliyopitishwa wakihamishwa. Hakuna mahakama iliyowalazimisha. Hawakuona aibu juu ya kazi ya mikono yao, wala hawakuifanya kuwa kisingizio. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ardhi nayo ina daftari lake, ambalo mwenye haki hulisoma tangu ukurasa wa kwanza, si tangu ukurasa wenye jina lake.