Amri ya Waziri Mkuu na Utii wa Raia

Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, mwanachuoni wa madhehebu yale yale ya Shafii yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani yetu, aliugawa uwaziri mafungu mawili: uwaziri wa tafwidhi, ambao mwenyewe amekabidhiwa mambo ayaendeshe kwa rai na ijtihadi yake, na uwaziri wa tanfidhi, ambao mwenyewe ni mpeleka amri tu baina ya mtawala na raia. Hata huyo wa kwanza, pamoja na upana wa mamlaka yake, hana ruhusa ya kumteua mrithi wa ukhalifa wala ya kumwuzulu mtu aliyewekwa na khalifa, kwani alicho nacho amekabidhiwa, na aliyekabidhi aweza kutwaa.

Ni maneno ya hekima, lakini yamejibu nusu ya suala: yametueleza amri ya waziri yatoka kwa nani, hayakutueleza utii wa raia watoka wapi. Nabii Musa alimwomba Mola ampe nduguye Harun awe waziri wake, akapewa. Ni uteuzi gani uwezao kuushinda huo? Na bado, Musa alipokwenda mlimani, kaumu ile ile ikamdharau Harun, ikaabudu ndama, ikakaribia kumwua.

Tanganyika nayo ilituonyesha kwamba uteuzi peke yake hauleti utii, alhamdulillahi kwa amani. Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu tangu Mei 1961, alijiuzulu tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamwachia kiti Rashidi Kawawa, mwenyewe Mwalimu akaenda kukijenga chama chake cha TANU miongoni mwa watu. Kwa sheria Kawawa hakupungukiwa na kitu: baraza la mawaziri lilikuwa lake, na Bunge lilipitisha mwaka huo sheria nzito, ikiwamo ile ya kuwaweka watu kizuizini. Lakini macho ya watu yalikuwa kwa yule asiye na cheo serikalini, na Novemba wakamchagua awe Rais kwa kura nyingi mno. Simdunishi Kawawa, namsifu sana, maana aliishika amana hali akijua mapenzi ya watu yako kwa mwingine, na wakati ulipowadia akaikabidhi bila kinyongo.

Katiba ya Muungano ya 1977, kama isomekavyo leo, yamtaka Rais amteue mbunge wa kuchaguliwa jimboni awe Waziri Mkuu, na yamzuia mteule huyo kushika madaraka mpaka wabunge walio wengi wamthibitishe. Kwangu mimi sharti hili la pili ndilo zito, kwa kuwa ndipo raia, kwa vinywa vya wawakilishi wao, waulizwapo kama watatii; na mbunge amthibitishaye mteule kwa mazoea, pasipo kumpima wala kumhoji, humdhulumu mteule mwenyewe, maana ampeleka kazini na amri ya Rais peke yake.