Kupunguza Tanga na Udhaifu wa Nia

Tanga la Kichina lina fito zinazopita upana wake wote na kuligawa vipande. Henza, yaani kamba ya kutwekea, hulipandisha pamoja na foromali yake, boriti ya juu, na linaposhuka, fito hulala juu ya kamba za kudakia zinazoning'inia pande zote mbili. Upepo ukizidi, baharia huilegeza henza, kipande kimoja au viwili vikashuka kwa uzito wake. Kisha huifunga na kurekebisha demani, kamba ya kuongozea tanga. Mwingereza Blondie Hasler aliiwekea mashua yake, Jester, tanga la namna hii, na mwaka 1960 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Plymouth hadi New York kwa siku 48, akiliongoza kutoka kwenye tundu la sitaha.

Urahisi huo unagusa swali la kale la falsafa: yawezekanaje mtu akajua lililo bora asilitende? Katika Protagoras ya Plato, Socrates anakana kwamba hilo hutokea; akoseaye hajui. Aristotle alikubali kwamba hutokea, akaeleza kwamba ujuzi waweza kuwamo ndani ya mtu usifanye kazi, kama ulivyo kwa aliyelala au aliyelewa.

Baharia mwenye tanga la kawaida, anayelazimika kwenda mlingotini usiku, sitaha ikiteleza, anajua kwamba tanga hupunguzwa mapema. Hata hivyo husubiri, akitumaini upepo utatulia. Ujuzi anao, kinachomzuia ni uzito wa kazi yenyewe. Tanga la Kichina humpunguzia uzito huo, na akiwa amewahi mno, hutweka tena kipande kimoja bila hasara kubwa.

Yaweza kupingwa kwamba busara inayotegemea wepesi wa kamba haijapimwa. Lakini aliyechagua tanga hilo bandarini, akili imetulia, alikwisha kuuzingatia udhaifu wake wa baadaye, na kuujua udhaifu wako kabla haujakufika ni sehemu ya busara.

Hata hivyo, kamba haiamui saa ya kupunguza. Wala kushusha si mwisho wa kazi: fito za chini huweza kuinuliwa na upepo, hivyo huvutwa chini kwa kamba zake, na tanga likishushwa lote, foromali na fito hufungwa pamoja zisipigepige. Chombo kizuri humwondolea mtu kisingizio. Uamuzi hubaki wake.