Masurufu

Miaka michache baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao wasomi wa Tanzania hawajaweza kuukwepa hadi leo. Kijiji kimepatwa na njaa. Wanakijiji wanakusanya akiba yote iliyobaki na kumpa mtu mmoja ale, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula. Akila, akashiba, kisha asirudi, huyo ni msaliti. Aliyepewa elimu na nchi maskini, alisema Mwalimu, ndiye mtu huyo.

Oktoba 1966 mfano ule ulijaribiwa. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga wahitimu kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kwa muda kupokea sehemu tu ya mshahara wao. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa wakarudishwa makwao. Machoni pake walikuwa wamekula chakula cha kijiji, na sasa walikuwa wanajadili malipo ya safari.

Sina ugomvi na wazo la deni. Mimi mwenyewe nililishwa. Ninachouliza ni jambo ambalo mfano unaliruka: mtu yule anajuaje kwamba huko aendako kuna chakula? Na kama amefika mbali akakuta kitu kingine, kitu cha kweli lakini kisicholika, akirudi nacho atakuwa amelipa au atakuwa ameiba?

Natoka Ruanda, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe. Ni nchi ya kahawa na mahindi, na asubuhi za Juni huwezi kutoka nje bila sweta. Kutoka pale hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 800. Kwa bibi yangu kila maji makubwa yalikuwa ziwa, na ziwa lilikuwa mahali watu wanapozama. Nilipochaguliwa kwenda Dar es Salaam kusoma sayansi ya viumbe wa majini, mkopo ulibeba sehemu kubwa ya gharama. Kilichopungua kilitoka kwenye malipo ya kahawa ya nyumbani. Malipo hayo yalikuwa yamekwisha kupangiwa kazi nyingine: mdogo wangu wa kike alikuwa aanze chuo cha ufundi Januari iliyofuata. Aliambiwa asubiri. Mwaka mmoja ukawa miwili. Mimi nilisaini fomu za mkopo kurasa kwa kurasa. Yeye hakupewa hata karatasi moja ya kusaini, wala hakuna aliyemuuliza.

Na nilichokwenda kufanya, ukikitazama kutoka Ruanda, ni kichekesho. Maisha mengine yalikuwa yale yale ya mwanafunzi yeyote wa Mlimani: kugombea nafasi kwenye vimbweta jioni, kupigisha kopi desa la mtu aliyehudhuria, bumu linaloisha kabla ya mwezi, hofu ya kudisko inayokuja na mitihani kama mafua. Lakini siku za vitendo tulishuka pwani, Kunduchi, na pale saa ya ukutani haikuwa na kazi. Ratiba yetu ilikuwa mwezi. Bahari ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Una muda mfupi wa kufika mbali kwenye mchanga na mwamba, unaweka chini fremu ya mraba yenye nusu mita kila upande, unahesabu kilichomo ndani: konokono, kaa, majani ya bahari. Unaandika. Unasogeza fremu hatua kumi, unahesabu tena. Maji yakianza kurudi unaondoka, umemaliza au hujamaliza. Wiki ya maji mafu unakaa maabara, unapanga namba.

Likizo moja mjomba wangu aliniuliza kwa nia njema kabisa: hao samaki mnaosoma huko, ni wa kuliwa au wa kutazamwa? Nikamwambia kwa sasa tunahesabu konokono. Akanyamaza kwa adabu, kama mtu anavyonyamaza msibani.

Yapo majibu mawili ambayo wengi wetu huwa nayo mfukoni kwa ajili ya wajomba. La kwanza ni kwamba bahari haiko mbali. Mbolea ya mahindi ya Mbozi ilishuka bandarini. Malori yanayopanga foleni Tunduma kusubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo yametoka huko huko, na reli ya TAZARA ilijengwa ili nchi isiyo na bahari iifikie bahari. Hata mvua inayotuamulia msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili, sehemu yake ilianza kama mvuke juu ya maji ya chumvi. Haya yote ni kweli. Lakini mvua ilinyesha kabla sijazaliwa, na malori yanapita vizuri tu bila mimi kuhesabu konokono. Jibu hili linathibitisha kwamba bahari ina faida kwa Ruanda. Kuhusu faida ya kusoma kwangu halisemi kitu.

Jibu la pili ni mshahara. Tangu 2016 sheria inataka mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Basi nitakatwa, na kinachobaki nitagawana na nyumbani. Hili ni jambo la lazima na sitaki kulidharau. Ila angalia linavyofanya kazi: kwa hesabu hii ningeweza kusoma chochote, hata kitu ninachokichukia, mradi kiwe na mshahara. Elimu yenyewe imetoweka kwenye mjadala, imebaki risiti ya malipo. Na mdogo wangu hakupoteza fedha peke yake. Alipoteza miaka miwili, ile ya kutoka kumi na nane kwenda ishirini. Fedha ninaweza kumtumia kwa simu. Miaka haitumwi.

Wanaotetea sayansi huwa na hadithi nzuri kuliko majibu haya, nayo inamhusu mtu wa milimani. Profesa Keto Mshigeni alizaliwa Upare, mkoa wa Kilimanjaro, mbali na pwani. Akaenda kusomea mwani, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, akarudi kufundisha botania Mlimani. Utafiti wake ulisaidia kufungua njia ya kilimo cha mwani, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza upande wa mashariki wa Unguja, maeneo ya Paje na Jambiani. Leo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba maji yakikupwa. Wapo waliojenga nyumba kwa mwani. Wapo waliosomesha watoto.

Ninaipenda hadithi hii, lakini haisemi tunachotaka iseme. Kwanza, mtu aliyekuwa anakusanya mwani mwambani mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakuwa na mavuno ya kumwonyesha mjomba yeyote. Alikuwa na majani yenye utelezi ndani ya mfuko. Kama tungempima siku hiyo kwa kipimo cha chakula, tungemwita msaliti, na tungekuwa tumekosea. Pili, chakula chenyewe kilipofika kilikuja na miiba. Mwani unauzwa mkavu kwa bei ndogo, unasafirishwa nje, unatolewa karagini, na baadaye unarudi madukani kwetu ndani ya dawa ya meno. Aina yenye bei nzuri zaidi, wanayoiita kotoni, imekuwa ikifa maji yanapopata joto. Ingestawi kwenye kina kirefu, lakini kule kunahitaji chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa mwani hawakuwahi kupewa. Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, kwa kila mtu aliyesoma mmea ukaja kulimwa, wapo wengi waliosoma mimea ambayo haitalimwa kamwe. Walifanya kazi ile ile, kwa uaminifu ule ule, na kwa chakula cha vijiji vile vile. Je, hao ndio wasaliti, na tofauti yao na mwenzao ni bahati tu?

Mbozi tuna sababu ya kulifikiria swali hili taratibu. Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi, kuna kimondo: pande la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Chuma ni zaidi ya asilimia 90, kinachobaki karibu chote ni nikeli. Wanasayansi wa nje walipata habari zake mwaka 1930. Wenyeji walikuwa nalo muda wote. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Wanalishika, wanashtuka lilivyo baridi, wanauliza lilitoka wapi. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza lina lishe gani. Watu wale wale wanaopima mbolea kwa kijiko wanakubali kwamba kuna kitu kinachostahili kuwapo na kujulikana hata kama hakiingii kwenye sufuria. Kwa hiyo si kweli kwamba mkulima anadai faida tu. Kimondo anakielewa kwa sababu kipo mbele yake na anaweza kukigusa. Konokono wangu hawajawahi kumfikia.

Hapa ndipo ninapokumbuka neno la ofisini. Mtumishi wa serikali anapotumwa safari hupewa masurufu. Fedha hizo si mkopo, hatakiwi kuzirudisha zote. Wala si zawadi, hawezi kuzifanya anavyotaka. Akirudi anafanya marejesho: anaonyesha stakabadhi, anaeleza alikwenda wapi, alifanya nini, nini kilimshinda. Kama daraja lilikatika akaishia njiani, anaandika hivyo, na mhasibu anapokea. Kosa lake si kurudi bila ng'ombe. Kosa ni kurudi na kukaa kimya.

Nadhani elimu ya sayansi ni masurufu. Anayetumwa kwenda kutafuta kisichojulikana hawezi kuahidi atakachokuta, na anayeahidi anadanganya. Anachoweza kuahidi ni hesabu. Nilikwenda, nikatazama, hiki ndicho kilichopo, hiki hakipo, na hapa sikufika kwa sababu maji yalirudi.

Lakini marejesho hufanywa kwa aliyetoa fedha, tena kwa namna anayoweza kukagua. Ripoti zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, zinasahihishwa kwa Kiingereza, zinapangwa kwenye rafu za maktaba. Tunafanya marejesho kwa mtu mwingine. Na hatuwezi kusingizia kwamba lugha haitoshi. Bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi, mkandaa, mchu: maneno haya yalikuwapo ufukweni kabla ya chuo. Siku zetu za vitendo walikuwapo akina mama wakichokoa pweza hatua chache kutoka kwenye fremu zetu, wasio na jedwali la maji mkononi, na hawakuwahi kukosea siku. Mwanafunzi anakariri Ceriops tagal kwa ajili ya mtihani, na aliye pembeni yake anauita mti huo huo mkandaa na anajua gome lake linatia rangi gani.

Najua pingamizi litakalofuata. Hesabu haishibishi. Dada aliyesubiri miaka miwili hawezi kuvaa wala kula maelezo kuhusu konokono. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu haifuti fedha: hiyo nitaituma kwa kuwa ni mdogo wangu, na ningemtumia hata kama ningekuwa fundi baiskeli. Hesabu inampa kitu kingine, nafasi ya kuhukumu. Rudi kwenye mfano wa Mwalimu utaona kwamba wanakijiji hawasemi neno. Wanatoa chakula, wanangoja, na mwingine anatamka kwa niaba yao nani ni msaliti. Hata mwaka 1966 vijana walirudishwa vijijini kama adhabu, na kijiji kikafanywa mahabusu. Haikuulizwa kijiji kinawaonaje.

Mimi ningependa kiulizwe, na ninajua hatari yake. Mdogo wangu sasa ana cherehani na wateja. Akisikiliza hesabu yangu yote, miraba yote, pamoja na asubuhi tulizorudi bila kitu, anaweza kusema inavutia. Anaweza pia kusema haikustahili miaka yake miwili, na sitakuwa na kifungu cha sheria cha kumjibu. Stakabadhi inayoweza kukataliwa ndiyo stakabadhi ya kweli. Nimeanza kumwandikia yangu kwa Kiswahili. Neno la kwanza lililonisumbua lilikuwa kwadrati, mpaka nilipokumbuka kwamba yeye kila siku anachora miraba kwa chaki juu ya kitambaa kabla ya kukata. Nikaandika mraba, nikaendelea.