Noti Iliyokufa ni Mali ya Nani?

Wapo wanaokusanya stempu, wapo wa kaseti. Mimi nakusanya noti zilizokufa, na ndizo zimenitia kwenye mjadala huu.

Noti ni ahadi. Mwaka 1915 meli za Waingereza zilifunga pwani yetu, fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Wajerumani wakajichapia noti za muda hapahapa, Dar es Salaam, kisha Tabora, juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 wakafua na sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Mwaka 1917, wakikimbizwa porini, wakagonga noti kwa mihuri ya herufi za mpira! Lakini noti ni noti: benki italipa.

Mei 1916 vita vilishuka kwa njia ya reli chini ya milima ya Upare, bendera ikabadilika. Sasa aliyeuza mbuzi wake kwa karatasi ile angeidai benki ipi?

Leo karatasi hiyohiyo inanunuliwa na wakusanyaji Ulaya kwa pesa nzuri. Hapo ndipo penye kazi. Tuseme huko Suji bibi mmoja ana rupia ya babu yake ndani ya kopo. Mimi bei naijua, yeye haijui. Ananiambia, "Chukua tu, mjukuu wangu, karatasi ni karatasi." Nimpe hela ya soda niondoke?

Washkaji wanasema biashara ni kujua usichokijua mwenzako. Eti kakubali mwenyewe! Sawa, lakini kukubali bila kujua ni kukubali gani? Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka mpaka bomani Same kuipinga kodi ya mbiru. Kodi ya kawaida walikuwa wakilipa. Walichokikataa ni mtu mwingine kukaa na kuwakadiria mali zao. Walielewa kwamba hesabu ya upande mmoja si makubaliano.

Basi nami nasema hivi: mkusanyaji anayenyamaza mbele ya yule bibi anamlipa mzee wake kwa karatasi tupu mara ya pili. Safari hii hata vita hakuna vya kusingizia. Amwambie bei kwanza, kisha bibi aamue kuuza, au kulifunga kopo lake.

Utasema kwa mtindo huo sitatajirika. Kweli kabisa. Lakini noti nitakazokuwa nazo, nitaweza kumwonyesha yeyote, hata mjukuu wa bibi yule.