Wingu Hili Lina Mchungaji?

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, tuamke! Tumezoea kusema kumbukumbu zetu ziko kwenye wingu, kana kwamba zinaelea angani juu ya Mugumu. Wingu hilo ni kompyuta zilizopangwa kwenye majumba yenye mashine za kupoza, mengine yako Kijitonyama, Dar es Salaam, mengine ng'ambo ya bahari. Njia ya kulifikia ni nyembamba, nayo ni yetu sote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima.

Mfugaji hahitaji kufundishwa haya. Kwenye josho la kijiji kila mtu anapeleka ng'ombe wake. Siku dawa ikiisha na hakuna aliyechanga, ng'ombe wanaogeshwa maji matupu, wanatoka wamelowa na kupe wao masikioni. Mwenye mia na mjane mwenye wawili wanafilisiwa na ndigana ileile.

Basi kwa nini mtandao, ambao nao ni josho letu, tunauita mradi wa wageni? Katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo kikuu cha KTH cha Sweden, kupitia mradi wa mawasiliano vijijini wa ICT4RD, walitumia fiba ya shirika la umeme, TANESCO, kuunganisha Bunda, Nata na Mugumu: hospitali, shule na ofisi za halmashauri katika njia moja. Kuunganisha kuliwezekana. Swali zito lilikuwa la baada ya wafadhili: nani alipe kila mwezi, nani aitwe usiku mawasiliano yakikatika?

Na uangalizi si wa bili na fundi tu. Nimesimama katika zahanati moja nikaona nenosiri limebandikwa ukutani juu ya kalenda, kwenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Watumishi sita, nenosiri moja! Mmoja alishahama zamani, na bado angeweza kufungua faili la mama mjamzito popote alipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mama yule, lakini sheria haina mikono ya kubandua karatasi.

Kaibandue wewe, kesho asubuhi. Kila mtumishi awe na nenosiri lake, na anayehama afungiwe siku ileile anayokabidhi funguo. Mwalimu, nakusihi, video za masomo zipakue usiku, mchana mwachie daktari njia. Nawe mheshimiwa diwani, bajeti ikisomwa simama uulize kifungu cha bando na cha fundi kiko wapi, na usikae mpaka kitajwe kwa shilingi.