Hakuna Aliyemgongea Mlango

Cyril Evans, kijana wa miaka 20, alikuwa fundi pekee wa simu ya upepo katika meli ya Californian. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli yao ikiwa imezingirwa na barafu kaskazini mwa Atlantiki, aliiarifu Titanic hatari hiyo. Jack Phillips wa Titanic, aliyeelemewa na salamu za abiria za kupeleka kituo cha Cape Race, alimkemea anyamaze, ana kazi. Saa tano na nusu Evans akazima mtambo, akalala. Simlaumu. Alikuwa kazini tangu asubuhi, wala hakuwa na wa kumpokea zamu.

Dakika kumi baadaye Titanic iligonga siwa barafu.

Ulimwengu ulikuwa na imani kubwa na mtambo huo. Mwaka 1909, Republic ilipogongana na Florida ndani ya ukungu, Jack Binns aliita msaada kwa simu ya upepo, na zaidi ya watu 1,500 wa meli hizo mbili wakapona. Ikaonekana kuwa chombo chenye mtambo kimeshasalimika. Wachache walijiuliza nani atakuwa akisikiliza usiku wa manane. Hata Harold Cottam wa meli ya Carpathia, naye peke yake, alikuwa akijiandaa kulala. Bahati tu alikuwa hajavua vipokea sauti masikioni. Kwa bahati hiyo alisikia wito wa Titanic, na watu zaidi ya 700 wakaopolewa kutoka kwenye mashua. Wapatao 1,500 walikufa. Marekani ilitunga sheria mwaka huohuo wa 1912 kwamba mtambo usikose msikilizaji usiku na mchana.

Lakini kinachoniuma zaidi ni fataki ambazo Titanic ilirusha kuomba msaada. Waliokuwa zamu kwenye Californian waliziona zikipasuka angani, nyeupe, wakahesabu nane. Wakamwarifu nahodha Stanley Lord aliyekuwa amejilaza. Akaagiza waendelee kuiita meli hiyo kwa taa. Wakaita. Kimya. Wakasemezana kwamba meli ile imekaa vibaya majini, wakaitazama mpaka taa zake zikatoweka. Na muda wote huo Evans alikuwa amelala ndani ya Californian hiyohiyo, mtambo wake mzima kabisa.

Walimwamsha karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akavaa vipokea sauti, akauliza, na baada ya dakika chache akajibiwa. Titanic ilikuwa imezama tangu saa nane na dakika ishirini.